Kimo cha Keki ya Amélie

Jumatatu, 28 Julai 2025
Mama Léoncie amekuja hapa mtaani Nyakabiga, kwenye tanuri langu. Jumamosi anamwoza Amélie, mtoto wa dada yake, aliyemlea mwenyewe. Anataka gato, yaani keki, ya ghorofa tatu. Ana ukumbi wa sherehe kule Mutanga Sud. Keki ikimpendeza, harusi zote za ukumbi nitaoka mimi. Isipompendeza, ataoka mwokaji mwenzangu Huguette. Nikauliza ghorofa za Huguette zina kimo gani. Akasema hajui, ila ni ndefu. Nimeelewa. Ukumbi haupewi mtu kwa utamu.

Jumanne, 29 Julai
Nimepita kwa Huguette kumsalimia, rula mfukoni. Sentimita kumi na tano kila ghorofa! Mimi huishia nane. Nikizidisha, katikati panabaki uji. Huguette akatokea nyuma yangu. “Karibu, Papa Prodige. Ukimaliza kupima uniambie, mi sijawahi kujua.”

Alhamisi, 31 Julai
Nimeamua: ya chini iwe thelathini. Nimekwenda mtaa wa maduka wa Asiatique kutafuta sukari. Hakuna. Anouar wa dukani ameniahidi wiki ijayo, kama alivyoniahidi wiki iliyopita. Niliyo nayo inatosha krimu na ghorofa mbili za juu tu. Lakini nyumbani kuna ndoo ya rangi, tupu. Nimeipima: thelathini kamili. Ukiipindua na kuipaka krimu, nani atajua?
Mke wangu Orpha kauliza kama hii ni harusi ya watu ao ya mafundi rangi. Desturi naijua: ya chini haikatwi ukumbini, anapelekewa nzima mama wa bibi harusi. Mama wa Amélie yuko Uvira na haji. Basi haina mwenyewe.

Jumamosi, 2 Agosti
Keki ilisimama kama kanisa. Watu wakaipiga picha zaidi kuliko maharusi. Huguette, mwalikwa, aliizunguka mara mbili, shingo juu. Saa yangu tamu kabisa mwaka huu.
Ghorofa mbili za juu zilipokwisha kukatwa, msema-chochote wa sherehe, kipaza sauti mkononi, akatangaza kwamba mama mzazi hayupo, kwa hiyo ghorofa ya chini ni ya mama mlezi. Mlezi! Nilikuwa nimeandika mwenyewe, Jumatatu.
Mama Léoncie akaja akicheza, vigelegele nyuma yake. Akaiinua. Mkono wa ndoo ukachomoka kwenye krimu, ukaning'inia, ukalia kling. Yule wa kipaza sauti akasema, “Fundi amefikiria mbali: gato yenye mukono, mama asichoke njiani.”
Mama Léoncie akaigeuza, akaishika kwa mkono huo huo, akatoka nayo kichwa juu.

Jumapili, 3 Agosti
Amepiga simu, kwa adabu sana. Ukumbi kampa Huguette. Ndoo harudishi, ni nzima, atatekea maji.
Orpha kauliza nimejifunza nini. Swali zuri. Nimelikalia tangu tutoke kanisani, na kosa nimeliona: mkono.
Jirani yetu Népomuscène anaoza binti mwezi ujao. Ndoo nyingine nimeshaing'oa mkono kwa koleo. Hii ina sentimita arobaini.