Arobaini na Tano Haina Mchezo

Jumamosi, 5 Oktoba

Leo nimewafundisha watu. Kikao cha Watanzania wa Stockholm, mtaani Vällingby. Hoja: nani awe mwenyekiti wa kamati ya ulinzi kwenye sherehe ya Uhuru. Kazi ya mlangoni, na juu yake koti la kung'aa la walinzi. Khalfan, yule fundi lifti wa Sundbyberg, anaitaka nafasi hiyo hiyo. Mazungumzo yakahamia kwenye bastola, kama ilivyo kawaida yetu wanaume tuliopita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Khalfan akasema milimita tisa inatosha kabisa, kwa sababu muhimu ni mahali risasi inapompata mtu. Nikasimama. Nikawaeleza kwamba risasi ya arobaini na tano, kwa kipimo cha Wamarekani, ni nene, ni nzito, na ikimgusa adui kidole tu anaanguka chali. Mama Roselyn, mgawa chai, akaniongezea andazi. Kura ni Jumamosi ijayo.

Nalitaka koti lile kuliko ninavyoweza kumwambia mtu. Binti yangu Tiana atamleta mchumba wake, Filip, pamoja na wazazi wa Filip. Nataka wanikute mlangoni, nimesimama, mtu mwenye dhamana yake.

Jumapili, 6 Oktoba

Mke wangu Dafrosa ameniuliza, mbele ya Tiana, kama JKT sikuwa jikoni. Nilikuwa jikoni. Lakini jiko lilipakana na uwanja wa shabaha! Kila risasi niliisikia kwa masikio yangu. Tiana akasema, kwa Kiswidi, kwamba hata yeye anaishi jirani na daktari wa meno. Sikuona uhusiano.

Jioni Khalfan kanipigia. Kapata klabu ya shabaha inayopokea wageni Jumatano. Twende wote wawili, wanakamati waje watazame. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Maskini Khalfan.

Jumatano, 9 Oktoba

Siwezi kukaa kitini, nitaandika kesho.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo nimeweza kukaa. Mambo yalikuwa hivi.

Mwalimu wa klabu ni Bi Josefina, mstaafu, mfupi, miwani inaning'inia kifuani. Aliuliza kila mgeni kilichomleta. Khalfan akasema michezo. Mimi nikasema kujilinda. Bi Josefina akavaa miwani anitazame vizuri. Akanieleza taratibu kwamba hapa Uswidi sababu hiyo haimpi mtu kibali cha bastola, kisha akauliza ni nani anayenitishia. Nikafikiri. Miaka yote niliyoishi mtaa wa Bredäng nimepotelewa na mwavuli mmoja, na jirani aliurudisha. Nikasema michezo.

Wageni wanaanza na ishirini na mbili. Risasi yenyewe kama harage! Nikakataa. Nikadai arobaini na tano, na wanakamati walikuwa wananitazama, kwa hiyo nikadai sana. Bi Josefina akashusha pumzi, akaweka risasi moja tu, akasimama nyuma ya bega langu. Akanionya niinamie mbele. Nikamwambia nimepita JKT. Nikasimama wima, kifua mbele, kama mwenyekiti.

Kishindo. Bastola ikapanda juu, mimi nikarudi nyuma, kisigino kikakuta begi la Khalfan. Nikajikuta nimekaa sakafuni. Bastola ilikuwa tayari mkononi mwa Bi Josefina, sijui aliichukua saa ngapi. Karatasi ya shabaha safi, haina hata mkwaruzo. Khalfan akapiga kwa kiharage chake, na matundu yake yote ungeyafunika kwa kizibo cha soda.

Walicheka mpaka kituo cha treni. Hakuna aliyefikiri. Nilisema arobaini na tano inaangusha mtu. Mtu akaanguka. Tena bila hata kuguswa! Kwa risasi za Khalfan alianguka nani? Nimelala usingizi mzuri sana.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kura. Mikono yote kwa Khalfan, na wa Dafrosa ukiwamo. Iliniuma. Nilitazama chai yangu mpaka ikapoa. Kichwani niliwaona Filip na wazazi wake siku ya sherehe wakipokelewa mlangoni na fundi lifti.

Kisha Mzee Mashauri, mwenyekiti wa chama, akauliza nani atapika pilau. Dafrosa akataja JKT. Mikono ikapanda tena, safari hii kwangu, hata wa Khalfan. Tiana akasogeza kiti karibu, akaniambia kwa Kiswahili, jambo ambalo halitokei mara nyingi, kwamba mama yake Filip anauliza tangu kiangazi lini ataonja pilau la baba. Nikamkatia nusu ya andazi langu.

Basi mimi ndiye mkuu wa jiko. Dafrosa kashauri sufuria mbili za kawaida, zinazobebeka, na moto wa kuangalia kwa makini. Nimecheka. Nimeshaazima kanisani sufuria moja, kubwa kuliko zote zilizoko Stockholm. Kauliza kama itapita mlangoni, na nani atainyanyua ikijaa.

Maswali ya milimita tisa hayo.