Mkurugenzi Si Kitoweo

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeamua. Jumamosi nahama Ujiji, navuka ziwa, nakwenda kuishi Kalemie. Binamu yangu Heritier ana saluni huko na kinyozi wake ameacha kazi. Watu wa Kalemie wananisubiri, ingawa bado hawajui.

Mkurugenzi naye anakwenda. Ndiye sungura wangu, mweupe, sikio moja jeusi. Jina amelipata kwa tabia: anakaa, analetewa, akikasirika anakupa mgongo. Dada yangu Marcelina kasema nimwachie, atamtunza. Alisema hivyo huku akimpima mapaja kwa macho. Hapana! Miaka minne tunalala chumba kimoja. Mke wangu Scola alinitaka nichague, yeye au sungura, nikachelewa kujibu, akarudi kwao. Nampenda huyu mnyama. Basi, nimeandika.

Jumanne, 9 Septemba

Kigoma mjini, ofisi ya mifugo. Dokta Winfrida kanieleza: nimlete sungura apimwe, nijaze fomu, nipewe cheti cha kumvusha kama mnyama wa kufugwa nyumbani. Ng'ambo watagonga muhuri. Rahisi, kasema. Mtu wa ofisini akikwambia rahisi, ujue kuna shimo.

Kwenye benchi nani? Oswald! Kinyozi wa Bangwe, aliyeniiga mitindo yote mpaka rangi ya bango. Naye anahamia Kalemie, boti hiyohiyo, pamoja na bata mzinga wake anayemwita Shangazi. Alikuwa anajaza fomu taratibu, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la kwanza. Siwezi kupita njia moja na Oswald. Nimerudi nyumbani, fomu nimeitandika kwenye kizimba. Mkurugenzi kaila yote.

Jumatano, 10 Septemba

Akili imefanya kazi. Mtu akienda ugenini hafiki mikono mitupu. Kila safari botini kuna kuku wa mashemeji, na sijawahi kusikia kuku wa shemeji akiulizwa cheti. Basi Mkurugenzi atavuka kama zawadi! Tukishafika anageuka sungura wangu tena, maisha yanaendelea.

Nikaenda kwa Hamdani, anayeandikisha abiria wa boti. Nikamwambia nina zawadi ya shemeji yangu Merina, mke wa Heritier. Kaandika kwenye orodha: sungura mmoja, zawadi. Akanipa mkono, akasema vijana wa siku hizi wengi hawana adabu kama yangu. Nina miaka arobaini na sita, lakini nimepokea.

Alhamisi, 11 Septemba

Kumbe Hamdani na Heritier huongea kwenye simu kila siku. Habari imevuka ziwa kabla yangu. Heritier kapiga: Merina amelia kwa furaha. Miaka tisa tangu aolewe, upande wetu hakuna aliyempelekea hata kitenge. Jumapili ameita mama yake na dada zake wanne waje waione zawadi. Vitunguu vimeshanunuliwa. Nilishtuka nikasema karibuni sana, utafikiri nyumba ni yangu.

Vitunguu! Nikamtazama Mkurugenzi akila majani ya viazi. Nikimwambia Merina ukweli, naaibisha ukoo mzima. Nisipomwambia, siwezi hata kuandika. Lakini sijashindwa. Kesho namfanya asilike.

Ijumaa, 12 Septemba

Mpango: cheti cha ugonjwa. Nani atapika sungura mgonjwa? Nikampaka majivu puani, nikamvuruga manyoya kwa mafuta ya nywele, nikampeleka kwa Dokta Winfrida nimwombe aandike kwamba nyama yake haifai. Kasema akiwa mgonjwa havuki, anabaki karantini. Nikasema basi si mgonjwa sana.

Dokta akamfuta majivu, akamsikiliza kifua, akampima uzito. Akasema hajaona sungura mzuri hivi mkoa mzima. Cheti akakiandika palepale, nusu saa tu! "Ana afya njema, amenona." Akauliza anakwenda kufanya nini huko. Orodha ya Hamdani ilishasema zawadi, nami siwezi kuwa na maneno mawili, nikasema zawadi. Akaandika, akagonga muhuri. Sasa nina karatasi ya serikali inayosema amenona.

Jumamosi, 13 Septemba

Botini. Ziwa limetulia, abiria hawajatulia. Wote wanajua. Mama mmoja wa Ilagala kanishauri achemshwe kwanza na tangawizi. Mwingine kapinga, kasema limau. Wamebishana mbele ya kikapu, Mkurugenzi akisikia.

Oswald kakaa pembeni na Shangazi mapajani, cheti kimefungwa kwa uzi shingoni mwa ndege: wa kufugwa. Hakuna aliyemtajia tangawizi. Nikamwambia kwa upole tubadilishane, yeye atoe bata mzinga, ana nyama nyingi zaidi, Merina atafurahi. Akahama kiti. Roho mbaya ile!

Nimeingiza mkono kikapuni. Ananilamba kidole. Nimejisikia vibaya sana, nakiri. Kesho nitasema ukweli, tena kwa ufasaha.

Jumapili, 14 Septemba

Kalemie, gatini. Oswald na ndege wake wamepita kwa dakika mbili. Merina alikuwa ananisubiri, kitenge kipya, mama yake, dada wanne, Heritier nyuma yao anatabasamu. Alipiga goti akakipokea kikapu kwa mikono miwili. Vigelegele! Ufasaha wote ukayeyuka.

"Shemeji," nikasema, "nakuomba, huyu usimle."

Mama mkwe wa Heritier akanitazama kana kwamba nimetukana kanisani. Merina akamtoa Mkurugenzi, akamkumbatia.

"Nimule?" akasema. "Zawadi ya kwanza ya kwenu, miaka tisa, nimule? Huyu nitamufuga miye mwenyewe mupaka azeeke."

Vitunguu vilikuwa vya migebuka, samaki wa ziwani. Nimekula mitatu huku machozi yakinitoka, nikasingizia pilipili. Amepona! Lakini si wangu tena. Zawadi iliyopokelewa kwa goti utaidai kwa mdomo gani? Amepewa kona ya sebuleni na mto wake. Mimi nalala stoo. Nilimwita kwa jina, akanipa mgongo. Iliniuma.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeamka na jibu. Mwenyeji naye hamwachi mgeni aondoke mikono mitupu! Kwa hiyo kinachotakiwa ni mimi kuondoka tu. Merina lazima anifungashie kitu, na kitu ninachokipenda kila mtu alikisikia pale gatini. Nikifika Ujiji na Mkurugenzi, tunapumzika wiki moja, halafu tunahamia tena Kalemie. Zawadi ya safari hiyo nitaipanga njiani.

Heritier ameshaandika jina langu kwenye kioo cha saluni na wateja watatu wako kwenye benchi. Kasoro ndogo.

Oswald kapita kunisalimia. Eti kwa nini nisimwambie Merina tu kwamba sungura ni wangu na ninaumia, ni mwanamke mwelewa, tutacheka yaishe. Maskini Oswald, hajui mambo ya ukweni. Nimemshukuru, nikaendelea kufunga begi.