Chai Pomoni kwa Profesa Pang

Jumatatu, 14 Oktoba
Ofisi ya masomo imetangaza: kila somo la Kiingereza hapa chuoni sharti liwe na utamaduni wetu wa Kichina ndani yake. Kesho Profesa Pang atakuja kukagua. Alama zake ndizo zitakazoamua nani apandishwe cheo, mimi au Mwalimu Qiao. Nimenyimwa mara tatu! Qiao, wa kuja juzi tu, anawafundisha wanafunzi kukata karatasi nyekundu huku wakibwabwaja Kiingereza. Karatasi! Mimi nitaleta chai. Nimeazima birika la udongo kwa mama mkwe. Akataka kunielekeza namna ya kumimina. Nikamwambia nina shahada mbili.

Jumanne, 15 Oktoba
Ushindi, nadhani. Nilivaa joho la hariri. Nilizungumzia ukarimu wa Wachina dakika arobaini mfululizo, Kiingereza kitupu. Wanafunzi hawakupata hata nafasi ya kukohoa. Nikamjazia Profesa Pang kikombe pomoni, chai ikamwagikia suruali yake. Akanywa kidogo, nikajaza tena. Na tena! Mara ya nne akainuka, akasema ameelewa, akatoka. Msikivu kweli. Au alibanwa na haja ndogo.

Jumatano, 16 Oktoba
Balaa! Mwanafunzi wangu Lu Miao alinisimamisha kwenye ngazi. "Samahani Mwalimu, kikombe cha mgeni hakijazwi hivyo. Ukikijaza pomoni, unamwambia ashike njia." Nikamuuliza mbona hakusema jana. Akajibu kwamba nilikuwa naongea. Qiao akapita na chupa yake ya maji ya moto. "Mzee Tong, umemfukuza mgeni mara nne! Mara moja haikutosha?" Nilitamani ardhi inimeze. Miaka ishirini nafundisha jinsi Waingereza wanavyokunywa chai yao. Ya kwetu nani alinifundisha? Nimemlaumu mama mkwe.

Ijumaa, 18 Oktoba
Profesa Pang bado hajatoa alama. Matumaini yapo! Nitamwomba radhi kwa heshima za kimila. Nimempelekea maua ya krisanthemumu, meupe matupu, yamesukwa duara kubwa kama gurudumu. Kadi nimeiandika mwenyewe: Pumzika, umetufanyia mengi. Mama muuza maua alinishika mkono, akanipa pole, machozi yakamlengalenga, akaongeza utepe mweusi bure. Ana utu huyu mama! Kumbe habari za Jumanne zimefika hadi sokoni.