Leo Tunafungua Site ya Muchungaji Etabo, Mlimani Swima

Waheshimiwa wote mliofika, na waheshimiwa zaidi mliotuma udhuru. Bwana Chef wa kijiji na baraza lake. Bapadri, Bachungaji, Bashemasi. Madame wangu Félicité, Prezida wa Mapambo. Bandugu zetu toka Burundi. Bavuvi, balimaji, bamama wa kwaya. Bashofa ba motari mliotupandisha toka Baraka. Na ninyi batoto, shukeni kwenye kiti changu. Protokole yote imezingatiwa! (Makofi. Motari inapiga honi.)

Mimi, Norbert Mulasi, Prezida wa Komite ya Muda ya Kudumu ya Site Historique, nasimama hapa na furaha isiyoweza kuingia ndani ya rapport yoyote, ili kufungua rasmi mahali alipozikwa Muchungaji Etabo, muhubiri wa kwanza wa huku kwetu, aliyewaletea mababu zetu Injili akiwa na mtumbwi, Biblia na viatu vyake, viatu ambavyo komite itaviweka ndani ya musée, kwenye kabati la kioo! (Mama Adolphine, mjukuu wa muchungaji: “Viatu gani? Tate, babu yangu, hakuvaaka kiatu hata siku moja!” Kicheko.) Basi tutaweka kabati, mama. Kabati nalo ni maendeleo.

Mnakumbuka hali ya zamani. Kila mwaka, mbele ya Pasaka, bamama walipandaka hapa na majembe, wanapalilia kaburi huku wanaimba, halafu wanakula bukari na ndagala palepale, bila programme, bila badge, bila kuomba autorisation ya mtu! Ndiyo maana komite, baada ya étude ya kina, ilikataza jembe kuingia huku mpaka kazi zetu za travaux ziishe, na matunda yake mnayaona kwa macho. (Sauti ya mwanaume: “Tunaona nyasi!”) Ile si nyasi, ndugu yangu, ile ni couvert végétal ya kulinda urithi! Leo projet imefika asilimia mia moja na kumi: hapa ni parking ya mabasi, kule kwenye mihogo ya Mama Marie-Goreth ni hôtel ya watalii, na yule mbuzi amesimama katikati kabisa ya salle ya conférence. (Watu wote wanageuka kumtazama mbuzi. Mama Marie-Goreth: “Hôtel? Mihogo yangu iko tayari kung'olewa!”)

Sasa nitaweka shada hili la maua juu ya kaburi, mbele ya mpiga picha. (Mama Adolphine: “Sawa, Prezida. Kaburi ya tate iko wapi?”) Swali la kitaalamu! Iko... (anaonyesha kushoto, wazee wanakohoa, anaonyesha kulia, wazee wanakohoa zaidi)...iko kotekote, mama, kwa maana mutu mukubwa hafungiwi fasi moja! (Mama Adolphine anasimama: “Mimi nimezeeka, bwana. Mwaka wa tatu huu munatufukuza. Nikikufa, nani ataonyesha bajukuu fasi tate analala? Inaniuma! Acha tupalilie!” Bamama wote wanasimama naye. Hakuna anayecheka.)

Utulivu, utulivu! Mpiga picha, usiondoke. Jamani, maua yenyewe yanaanza kunyauka. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, natangaza kuanza kwa phase ya kwanza ya travaux, ambayo ni kupalilia, na entreprise iliyoshinda zabuni ni bamama wa kwaya! (Vigelegele. Majembe yanatolewa nyuma ya motari, wimbo unaanza, nyasi zinaruka.)

Swima oyee! (Oyee!) Utalii oyee! (Mtu mmoja anapiga chafya.) Majembe oyee! (Oyeeee!)

Kabla sijashuka, nawashukuru wafadhili wetu, ambao tutaanza kuwatafuta Jumatatu. Namshukuru architecte, akipatikana. Nawashukuru wanakomite wenzangu, yaani Madame Félicité. Na shukrani ya pekee kwa Mama Adolphine aliyetuazima kitenge chake kikawa ribbon: sitakikata, mama, nakifungua tu, ujifunge ukafanye kazi. Mukimpata muchungaji, tafadhali munionyeshe na mimi, kwa sababu kusema kweli, tangu tuunde komite, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda mlima huu.

(Mama Adolphine, kutoka katikati ya nyasi, anacheka na machozi yanamtoka: “Tumemupata! Iko hapa, tate wangu! Njoo, Prezida, njoo umusalimie.”)