Kiti Kinacholala

Jumatatu, 3 Juni

Nimeitwa ofisini kwa Mkurugenzi. Nilidhani ni habari za makala yangu. Kumbe ni habari za kiti!

Mkutano mkuu wa wataalamu wa udongo ni mwezi ujao, ng'ambo ya mbali, saa kumi na nne angani. Kanuni ya taasisi yetu: safari ikizidi saa kumi, mwakilishi husafiri daraja la biashara. Nimepewa mashirika matatu ya ndege niyalinganishe, nimchagulie moja. Amesema mimi ni hodari wa majedwali. Hakusema ni hodari wa udongo.

Makala atakayoisoma huko nimeiandika mimi. Miaka mitatu. Mashimo sitini na mawili, kwa mikono hii, kutafuta udongo mweusi hupasuka hadi kina gani wakati wa kiangazi. Jina lake liko juu, langu liko chini yake. Si bure tunamwita Kifutio.

Nataka kwenda kuisoma mwenyewe. Nisimame mbele ya watu wanaojua udongo ni nini, niseme: nilichimba. Basi. Sina tamaa nyingine.

Kanuni inaendelea. Mwakilishi akishindwa kwenda, huenda mwenye jina linalofuata kwenye makala. Kwa kiti kilekile!

Kwa hiyo sitafuti ndege ya kumpeleka. Natafuta ndege ya kumshinda.

Jumanne, 4 Juni

Mashirika nimeyapa majina ya rangi za mikia ya ndege zao. Mkia Mwekundu: kila abiria ana kijichumba chake chenye mlango. Mkia wa Bluu: viti vya mtu mmoja mmoja, dirishani. Mkia wa Kijani: viti vinalala kama kitanda, ndiyo, lakini viwili viwili, vikitazamana kama wachumba. Wa dirishani akitaka choo lazima amruke jirani. Halafu saa tisa za kungoja njiani. Aibu tupu. Nimeipenda.

Dereva wa taasisi amenipa siri bila kujua. Kifutio anakoroma! Mwaka jana kambini mlinzi alitoka mbio akidhani pampu ya maji imejiwasha yenyewe. Tangu siku hiyo, anasema dereva, mzee hulala garini na vioo amevifunga. Haogopi nyoka, haogopi waziri. Anaogopa kusinzia mbele za watu.

Nilimshukuru dereva mara tatu. Akaniuliza kama naumwa.

Nyumbani shangazi amesikia "daraja la biashara", akataka kujua nitaenda kuuza nini. Mama aliuliza jambo moja tu: je, nimemwambia Mkurugenzi kwamba nataka kwenda? Nikamweleza kuwa mambo ya ofisi hayaendi hivyo. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mama husahau kwamba kuingia mashimoni ndiyo kazi niliyosomea.

Jumatano, 5 Juni

Nimependekeza Mkia wa Kijani. Nimeandika kwamba mpangilio wa viti "unaleta ukaribu wa kibinadamu, na abiria hupata nafasi ya kufahamiana hata wakiwa usingizini." Neno "usingizini" nimeliweka mara nne.

Balaa kwenye printa! Mimi bado niko kwenye korido, Transiti keshafika. Huyu ni mwenzangu wa maabara, meza ya pili. Amepanda ndege safari moja tu, miaka minane iliyopita, na hadi leo kila hadithi yake huanza na "nilipokuwa transiti", yaani akingoja kubadili ndege. Ameisoma ripoti yote akiwa amesimama. Akaniuliza, shoga, mbona vile vijichumba vya Mkia Mwekundu umevizika ukurasa wa mwisho? Unataka mzee wa watu alazwe kama gunia ghalani? Akacheka, akasema anakwenda kumfungua macho.

Nilimsihi. Akauliza atapata nini. Nikaahidi kuliongeza jina lake kwenye makala. Aliwahi kunichekechea sampuli wiki nzima, kwa hiyo si uongo mtupu. Alikubali kabla sijamaliza sentensi.

Nimelala chali kitandani naandika haya. Najiona mwanadiplomasia.

Alhamisi, 6 Juni

Ripoti iko mezani kwa Kifutio, mlango umefungwa.

Mvua kutwa nzima. Nimepanga mifuko ya sampuli kwenye rafu. Kila mfuko una mwandiko wangu ubavuni: shimo namba fulani, kina fulani. Nikawaza kwamba mtu anaweza kuishi miaka mitatu na asiache ushahidi wowote ila mwandiko mdogo kwenye mfuko wa karatasi. Na karatasi yenyewe inaanza kuliwa na unyevu.

Sikula mchana. Transiti alikula changu.

Ijumaa, 7 Juni

Ushindi! Kisha msiba. Dakika sita kati yake, nimezipima.

Saa nne Kifutio alituita sote. Akasema haendi. Magoti, akasema. Alizungumza akitazama sakafu. Mimi nilikwisha simama, sijui kwa nini, labda nilitaka kushukuru.

Katibu muhtasi akasoma kanuni: huenda mwenye jina linalofuata. Akafungua makala. Kumbe jana, Transiti alipopeleka jina lake, katibu alifuata kanuni nyingine: baada ya mwandishi wa kwanza, waliobaki hupangwa kwa alfabeti. Jina la Transiti linaanza na A. Langu linaanza na Z.

Nina shahada mbili. Alfabeti nilifundishwa nikiwa na miaka mitano.

Transiti alinikumbatia hadi miguu ikaning'inia. Kisha akaninong'oneza kwamba Kijani hapana, yeye hawezi kutazamana na mtu saa kumi na nne. Niandike Mwekundu. Mchana nimejaza fomu yake. Kwenye "mlo maalumu" aliniambia niandike "vyote".

Jumatatu, 10 Juni

Kifutio alikuja maabara. Hajawahi. Akakaa kwenye kigoda cha Transiti, magoti yakalia kweli, nimeyasikia.

Akauliza kwa sauti ya chini kama ofisi nzima inajua. Sikuuliza inajua nini. Nikasema hakuna anayejua. Akasema ile ripoti aliisoma mara mbili, akajiona tayari amelala mle na watu wamemzunguka. Marehemu mkewe ndiye pekee aliyezoea, akasema. Nilitamani ardhi ipasuke, na kina chake ninakijua.

Akainuka. Akasema hata kabla ya habari za viti, alikuwa akitafuta mtu wa kumpa safari hii. Alinifikiria mimi kwanza. Ila alidhani sipendi kusafiri, kwa sababu sikuwahi kuomba. Mbona hukusema, mwanangu?

Nilimjibu kwamba haidhuru. Nikarudi kuchekecha mfuko ambao nilikwisha uchekecha.

Jumatano, 17 Julai

Transiti ametuma picha. Miguu yake, imenyooshwa ndani ya kijichumba. Mlango. Miguu tena.

Saa tano akatuma ujumbe mwingine, wa haraka. Amemaliza kusoma makala, mzee mmoja wa mstari wa mbele ameuliza nyufa zinafika kina gani, na yeye amesema anatafuta karatasi. Shoga, nijibu upesi!

Nilijibu: mita moja na robo. Shimo la arobaini na tatu. Mkono wangu uliingia hadi begani na vidole havikugusa mwisho.

Ameandika kwamba walipiga makofi. Nilikuwa nimekaa peke yangu, tanuri la kukaushia udongo linavuma. Nikalizima nisikie kama kuna kitu. Hakuna.

Jumatatu, 29 Julai

Barua kutoka kwa wenyeji wa mkutano! Wanataka mtu mmoja mwezi wa Novemba. Wameandika wazi: aliyechimba mashimo.

Kifutio alituita sote. Akaisoma. Kisha akanitazama mimi, mimi tu, akasema anayetaka kwenda anyooshe mkono.

Dereva akakohoa. Transiti, hata Transiti, akanipiga kiwiko cha mbavu.

Mkono nimeukalia. Ulikufa ganzi lakini sikuuachia. Anayenyoosha mkono ameonyesha karata zake zote! Nina mpango bora. Nitajifanya sitaki, tena sana, mpaka wanibembeleze.

Kifutio alingoja muda mrefu. Akasema basi, Ijumaa atawaandikia kwamba hatuna mtu.

Mama ameuliza ilikuwaje. Nimemwambia yote. Ameniuliza kama mkono una jeraha.

Nimeanza jedwali jipya. Mkia wa Bluu, dirishani. Hadi Ijumaa kuna siku nne. Zinanitosha kabisa.