Ombi la Binti Yangu Kuvuliwa Barakoa

Kwa Mwalimu Mkuu,
kwa mkono wa mwanafunzi mwenyewe.

Ndugu Mwalimu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mdomo wako ukiwa wazi. Kama umeufunika, nakuomba uufunue kwanza, maana yaliyomo humu yanahitaji pumzi.

Mimi ni baba wa yule binti wa darasa la tatu anayekaa karibu na dirisha, na kazi yangu ni fundi makochi. Si mtu wa kuandika barua. Ila tangu utangaze kwamba kila mtoto avae barakoa kwa sababu ya kikohozi kilichoingia mjini, nyumba yangu haina amani. Nayaorodhesha malalamiko yangu ili usipate taabu ya kuyatafuta.

1. Elimu imeharibika. Wiki iliyopita mwalimu wa darasa alisoma imla akiwa amejifunika mpaka chini ya macho. Alisema, "Mama anapamba nyumba." Binti yangu akaandika, "Mama anahama nyumba." Daftari likaja nyumbani, shangazi yake akalisoma, na kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa umekwisha kunipa pole. Mke wangu naye hakukanusha haraka kama nilivyotarajia.

2. Simjui tena mtoto wangu ni yupi. Jumatano nilikuja kumchukua. Wakatoka wote wamefanana kama vifungo vya shati moja. Nikashika mkono uliokuwa karibu, tukaondoka. Tulifika kona ya pili, nikimsimulia habari za kochi la daktari wa meno, ndipo kitoto kile kiliponiambia kwa adabu kubwa, "Samahani baba, mimi si wako." Kugeuka, binti yangu halisi alikuwa anatufuata hatua kumi nyuma, kimya. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba alitaka kuona nitagundua lini. Yule niliyemchukua ni wa mama mwenye duka la dawa, kiongozi wa wapenda barakoa. Tangu siku hiyo yeye ananiita Mwizi wa Watoto, nami namwita Mama Vidonge, kwa hiyo katika hilo tuko sare.

3. Kikao chako cha wazazi kilikuwa aibu. Tulikaa kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yakitugusa masikio. Wanaotaka barakoa walikaa upande wa ubao, tusiotaka upande wa mlango, na katikati wakakaa wale walioziteremsha kidevuni, ambao hukubaliana na yeyote aliyezungumza mwisho. Mama Vidonge alisema watoto wazivae hata usingizini. Mimi nikasema, kama pua zingetakiwa kufunikwa zingeumbwa mgongoni, chini ya shati. Nilipigiwa makofi. Dereva mstaafu wa basi akaniunga mkono kwamba amemeza vumbi miaka thelathini na halijamfanya kitu, kisha akakohoa mpaka akaletewa maji. Mwalimu wa darasa alinyoosha mkono mara tatu. Alipowahi kusema kwamba anaishi na mama yake, na mama yake ni mgonjwa wa mapafu, tulimwambia asubiri zamu yake, kwa kuwa suala hili ni la wenye watoto. Kikao kikaisha kabla ya zamu hiyo.

4. Mke wangu yuko upande wako. Kila asubuhi anamvika mtoto barakoa, na tangu Jumatano ile, kila asubuhi mimi namsindikiza mtoto na kumvua getini. Hunikumbusha kwamba mimi mwenyewe nikipasua kochi kuukuu hujifunga kitambaa puani, ati naogopa vumbi la makalio ya watu kuliko ninavyomwogopea mwanangu. Hayo hayahusiani, na nashangaa yanasemwaje mbele ya mtoto. Jumanne alitufuata kwa nyuma. Pale getini yeye akashika kamba ya sikio la kulia, mimi ya kushoto, mtoto akiwa katikati. Tulijadiliana kwa sauti ambayo watu wa ng'ambo ya barabara waliisikia bila kujitahidi. Mlinzi akatuomba tusogee, gari la maji lipite. Tukasogea wote watatu bila mtu kuachia. Kamba ikakatika. Mtoto akaingia darasani na kipande mkononi. Nilihesabu huo ni ushindi, ingawa tangu hapo mke wangu hazungumzi nami.

5. Kwa hiyo naomba darasa la tatu ligawanywe kwa ukuta, pua wazi huku, pua zilizofungwa kule. Kwa kuwa hewa haina adabu na itaruka ukuta, kila upande upewe hewa yake. Ubao ni mmoja, basi ukatwe. Mwalimu pia ni mmoja, lakini hilo nakuachia wewe, ndiyo maana ya uongozi. Ikishindikana, watoto wote wabaki nyumbani, na sisi wazazi tuje badala yao kila siku saa moja na nusu asubuhi, tukae kwenye madawati yale hadi tuelewane. Sioni watoto watapungukiwa na nini, maana katika jambo hili zima hakuna aliyewahitaji.

Nisalimie walimu wote, mpishi, na mlinzi wa geti, ambaye siku ile alikuwa mpole kuliko tulivyostahili. Mama Vidonge ukimwona, mpe salamu zangu, ila zisimame mbali kidogo kama apendavyo.

Ni mimi mzazi wako, niliyechoka na kitambaa,
Baba wa binti wa dirishani.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nilimpa binti yangu barua hii anisahihishie herufi. Amesahihisha sita. Kisha nikamuuliza kama kuna lalamiko lake nililolisahau. Akafikiri, akasema hana, yeye barakoa anaitaka. Nikamuuliza kama ni mama yake aliyemfundisha kusema hivyo. Akasema hapana. Ile Jumanne alipoingia darasani, wote walimwona analia, na wote walikuwa wametusikia. Mwalimu akatoa barakoa nyingine kwenye mkoba wake, akamvika, naye akaendelea kulia mpaka mapumziko bila mtu kumwona tena. Anasema tukija tena getini, anataka awe nayo.

Nilitaka kuichana barua. Amenikataza, kwa sababu ameshaisahihisha. Basi ipokee, Mwalimu, lakini usitekeleze chochote kilichomo, na umwambie mwalimu wa darasa kwamba nauliza hali ya mama yake.