Apdeti ya Nasrin na Siku Zangu za Ziada Uyole

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo nilipaswa kurudi Iringa. Nilikuja hapa Uyole kwa dada Mwamvita kula Idi, na Idi ilikwisha juzi. Shemeji Isihaka kaanza kuulizia mabasi. Aliuliza asubuhi, akauliza tena mchana, kwa adabu kabisa. La saa nne lina viti vizuri, anasema. La saa sita pia.

Sitaki kurudi. Mke wangu Nyamizi ananisubiri na sululu mkononi. Shimo jipya la choo, futi kumi na mbili, na kiwanja chetu ni mawe matupu.

Ndipo bahati ikaniangukia! Kompyuta ya sebuleni ilianza kujiapdeti yenyewe, ikafika asilimia 35, ikaganda. Kaduara kanazunguka, kanazunguka, namba haisogei. Mpwa wangu Nasrin, mwanafunzi wa chuo cha kilimo, akashika kichwa. Mimi nikasimama. Nikasema kazi hii naijua. (Niliwahi kufanya kazi stesheneri miezi mitatu. Kutoa fotokopi.) Nikainama, nikategea sikio mashine kama daktari, nikatangaza: siku tatu.

Shemeji akashangaa. Siku tatu? Nikamweleza kwamba apdeti ikiharakishwa inaharibika kwa ndani. Akaacha habari ya mabasi.

Chakula cha jioni: pilau. Vipande vinne vya nyama!

Jumanne, 10 Juni

Hatari! Nimeamka nikakuta 71. Imejisogeza yenyewe, bila kuniuliza. Ikifika mia leo, kesho niko shimoni.

Nikawaza haraka. Intaneti inatoka kwenye simu ya Nasrin, na simu ilikuwa mezani. Nikangoja aende kuoga, nikazima hotspoti. Namba ikasimama kwenye 74. Kazi safi!

Nasrin alipouliza kulikoni, nikamwambia hapo ndipo penye mlima Kitonga wa apdeti. Gari lolote likifika hapo linapanda polepole. Akakubali. Mtoto mzuri sana.

Baadaye akaja jirani, Kalista, muuza viazi sokoni. Katua ndoo, kasimama kuitazama kompyuta. Akaniuliza kama nimeangalia nafasi. Nikamjibu nafasi ipo, meza yenyewe si unaiona ilivyo kubwa. Akasema alikuwa anaulizia nafasi ya kwenye diski.

Simpendi yule mama.

Chakula: ndizi na nyama. Vipande viwili.

Jumatano, 11 Juni

Nasrin kagundua hotspoti imezimwa, kaiwasha. Themanini! Themanini na nane! Tisini na tatu! Nilitoka jasho katika baridi hii ya Juni. Alipotoka tu, nikachomoa waya wa kompyuta ukutani, nikapiga kelele kwamba umeme umekatika.

Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka.

Dada Mwamvita aliitazama taa, akanitazama mimi, akarudi jikoni.

Nikachomeka tena. Kompyuta ikawaka, ikaandika kwa Kiingereza kwamba imeshindwa na inarudisha mambo kama yalivyokuwa. Ikajizima. Ikawaka. Ikaandika vilevile. Imecheza mchezo huo tangu saa tano hadi saa kumi.

Hapo Nasrin akaja kukaa karibu yangu, uso umemshuka. Ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo imo humo. Wiki nane alizunguka mashambani kukagua magonjwa ya viazi, na hana nakala nyingine. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa saa kumi na moja jioni. Asipotuma, anarudia mwaka.

“Mjomba, utaweza kweli?”

Nikasema nitaweza.

Chakula: kande. Sikumaliza sahani. Hilo halijawahi kunitokea.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimehangaika kwa moyo wote. Nimepuliza vumbi. Nimezima na kuwasha mara kumi na tisa. Nikafikiri labda mashine inasikia baridi, nikaizungushia blanketi la shemeji. Ikaanza kunuka kama pasi. Nikatoa blanketi mbio.

Nyamizi kapiga simu. Nikamwambia nimeshikwa na kazi ya kitaalamu. Akauliza ni nani aliyenishika na ataniachia lini.

Mchana nikaamua kumwambia Nasrin ukweli. Nikafika mpaka mlangoni kwake. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kitanda, anajaribu kuandika ripoti upya kwenye daftari, kwa kumbukumbu, huku anajifuta machozi kwa mtandio. Nikarudi kinyumenyume. Miguu yenyewe ndiyo iliyorudi.

Shemeji akasema sasa basi, aitwe Kalista. Nikapinga! Muuza viazi! Kwa upole uleule wa kuulizia mabasi, shemeji akanieleza kwamba Kalista ni katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi, na kompyuta ya kikundi anaitengeneza mwenyewe, huu mwaka wa nne.

Chakula: viazi vya kuchemsha. Chumvi iko mezani, kasema dada.

Ijumaa, 13 Juni

Kalista alifika saa mbili asubuhi, kanga kiunoni. Akachomoa kila kilichochomekwa, akabakiza kibodi, kipanya na skrini. Akaizima na kuiwasha kwa namna yake, mara tatu, akachagua chagua, kompyuta ikafunguka nusunusu, maandishi makubwa kama ya chekechea. Jambo la kwanza akahamisha ripoti kwenye flashi. Nasrin akamkumbatia, akamng'ang'ania.

Ningeshukuru angeishia hapo. Kalista akataka kujua kwa nini iliganda tangu mwanzo. Akatafuta. Diski imejaa pomoni.

“Humu kuna filamu mia na kumi na mbili,” akasema. “Za nani?”

Ni zangu. Nilizimwagia humo siku ya Idi, nizitazame kwa raha kwenye skrini kubwa. Shemeji akavaa miwani, akaanza kusoma majina kwa sauti: Ninja wa Kisasi. Ninja wa Kisasi, Sehemu ya Pili. Alipofika Sehemu ya Tisa, dada Mwamvita alikuwa amekaa sakafuni kwa kicheko.

Nasrin hakucheka. Basi nikamwambia yote palepale. Hotspoti. Waya. Kitonga.

“Ya taa nilijua, mjomba,” akasema. “Ya hotspoti sikujua.”

Hakunisemesha tena mpaka ripoti ilipoondoka, saa kumi na dakika ishirini. Kisha akaniletea kikombe cha chai ya maziwa, akaniwekea pembeni, akaenda zake. Chai ile niliiacha ikapoa. Sijui kwa nini.

Kalista kafuta filamu zote. Apdeti imefika mia kabla ya magharibi. Shemeji kaninunulia tiketi mwenyewe. Basi la saa moja asubuhi, kiti cha dirishani.

Jumamosi, 14 Juni

Niko Igawa. Basi lilisimama ili abiria wapate kula.

Niliapa njia nzima, kuanzia leo mimi na kompyuta za watu basi. Nilinunua hindi la kuchoma, nikakaa kwenye kona ya mgahawa. Mwenye mgahawa, mzee mmoja anaitwa Boniface, alikuwa kaunta anaipiga piga kompyuta yake ubavuni. Nikachungulia kidogo tu. Asilimia 12. Kaduara kanazunguka.

Nikageukia ukuta. Nilijizuia! Nilijizuia mpaka hindi likaisha. Kisha jikoni wakafunua sufuria.

Nimemwambia mzee Boniface atoe mkono, asiiumize. Kazi hii naijua, nimetoka kuimaliza moja Uyole jana tu, ina siku zake tatu. Nne, kwa tahadhari. Akaniuliza kama kweli mimi ni fundi. Nikamuuliza kama ameangalia nafasi kwenye diski. Akanivutia kiti.

Basi limepiga honi mara mbili, limeondoka. Begi langu limekwenda Iringa, Nyamizi atalipokea. Mzee anauliza nipikiwe kuku wa kukaanga au wa mchuzi. Nimemjibu apdeti ya aina hii inataka vyote viwili.